Kwa nini klabu za besiboli humwacha mchezaji bure Desemba, kisha soko likalala hadi Februari?

Shabiki wa Wrigley (mleta mada)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba kueleweshwa jambo ambalo limenikaa kooni tangu majira ya baridi ya 2020, na ambalo hunirudia kila mwaka Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani inapoingia mapumzikoni.

Mimi ni shabiki wa Chicago Cubs. Mwaka 2020, katika msimu uliofupishwa hadi michezo 60 na kuchezwa bila watazamaji viwanjani, Cubs ilimaliza ikiwa kinara wa kundi lake. Mwanzoni mwa Desemba ikamwacha Kyle Schwarber, mpigaji ambaye ilimteua yenyewe katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka 2014 akiwa chaguo la nne. Haikumuuza wala haikumbadilisha na mchezaji wa timu nyingine. Ilikataa tu kumpa mkataba wa mwaka uliofuata, naye akawa mchezaji huru. Mwezi uliofuata Washington Nationals ikamhakikishia dola milioni 10, na kabla Januari haijaisha Cubs hiyohiyo ikamsajili Joc Pederson kwa dola milioni 7. Wote wawili hupiga kwa mkono wa kushoto, wote walitarajiwa kulinda kona ya kushoto ya uwanja wa nje, na wote walikuwa wametoka kwenye msimu mbaya: Schwarber alikuwa na wastani wa upigaji wa .188 (yaani hakufikisha mapigo mawili yaliyofaulu kwa kila majaribio kumi) na Pederson .190. Yaani tulimwaga mtungi wa maji tukaenda kununua mtungi mwingine, wenye maji ya kisima kilekile, kwa bei inayokaribiana na ya ule wa kwanza. Juni iliyofuata nilikaa nikimtazama Schwarber, akiwa na jezi ya watu wengine, akipiga hom rani 16 (mapigo yanayovuka uzio) katika michezo 18.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, klabu hufikiaje uamuzi wa namna hiyo? Pili, kwa nini baada ya maamuzi hayo ya Novemba na Desemba soko la wachezaji huru hupoa kiasi kwamba wachezaji wenye majina makubwa hufika Februari, na hata Machi, wakiwa hawana timu? Katika soka tumezoea dirisha la usajili linalofungwa kwa saa maalumu, na kila mtu hukimbia. Huku naona kila mtu amekaa kwenye kiti chake anasubiri mwenzake asimame.

---

Karani wa Kikosi

Ndugu mleta mada, nianze na swali lako la kwanza, maana la pili limejengwa juu yake.

Kila klabu ina orodha mbili. Wachezaji 26 ndio wanaokaa benchi na kucheza, na wachezaji 40 ndio ambao klabu inawamiliki kwa ukamilifu, wakiwamo hao 26. Mashabiki wengi huhesabu fedha tu wakati wa mapumziko, lakini ofisini nafasi hizo 40 nazo ni fedha. Wachezaji waliokuwa kwenye orodha ya majeruhi wa siku 60, ambao wakati wa msimu hawahesabiwi miongoni mwa 40, hurudishwa kwenye hesabu mara tu baada ya fainali kumalizika. Hapohapo, mwezi Novemba, klabu inatakiwa kuamua ni chipukizi gani wa ligi ndogo wataingizwa kwenye orodha ya 40 ili wasichukuliwe na klabu nyingine katika uteuzi wa Desemba ambao wadau huuita Kanuni ya Tano. Anayemchukua mchezaji kwa kanuni hiyo hulipa dola 100,000 tu, kwa sharti kwamba atamweka kwenye kikosi chake cha 26 msimu mzima, na akishindwa amrudishie mwenyewe kwa nusu ya fedha hizo.

Msidhani hilo ni jambo dogo. Roberto Clemente alikuwa mali ya Brooklyn Dodgers ilhali anacheza ligi ndogo. Pittsburgh Pirates ikamchukua kwa njia hiyo mwaka 1954, akamaliza maisha yake yote ya uchezaji huko. Johan Santana aliondoka Houston kwa njia hiyohiyo mwaka 1999, akaishia Minnesota, ambako alishinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mara mbili. Kwa hiyo meneja anayemwacha mchezaji wa kati mwenye miaka 28 huwa anamlinda kijana wa miaka 20 ambaye wewe na mimi hatujawahi kumsikia.

Schwarber, hata hivyo, hakuondolewa kwa sababu ya nafasi. Yeye aliondolewa na bei. Mchezaji akishatimiza miaka mitatu ya utumishi, na kabla hajafikisha sita ambapo huwa huru, mshahara wake unaweza kupelekwa kwenye usuluhishi: klabu hutaja kiasi chake, mchezaji hutaja chake, na jopo huchagua kimoja kati ya viwili bila kugawa katikati. Hesabu za usuluhishi huangalia mchezaji alilipwa nini mwaka uliopita na wenzake wa daraja lake wanalipwa nini, na klabu inayompa mchezaji mkataba hairuhusiwi kumpunguzia zaidi ya asilimia 20 ya mshahara wa mwaka mmoja nyuma. Mshahara wa Schwarber wa 2020, kabla haujakatwa kwa sababu ya msimu mfupi, ulikuwa zaidi kidogo ya dola milioni 7. Klabu iliyopoteza mapato ya viingilio vya msimu mzima ilitazama wastani wa .188, ikatazama kiasi ambacho mfumo ungeilazimisha kulipa, ikasema hapana. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kuamini michezo 60. Michezo 60 ni kama kuonja chumvi kabla chungu hakijachemka.

Ongeza jambo moja. Siku ya mwisho ya kutoa mikataba hiyo hufika kabla soko halijajionyesha bei. Klabu inaamua Novemba au mwanzoni mwa Desemba, wakati bei halisi itajulikana Januari. Cubs haikujua kwamba Pederson angepatikana kwa milioni 7. Ilikisia kwamba mtu wa aina yake angepatikana, na hapo haikukosea sana.

---

Dada Tarakimu

Karani ameeleza vizuri, nami nichukue swali la pili.

Mleta mada, jibu limo ndani ya mfano wako wa soka. Besiboli ya Marekani haina dirisha. Mchezaji huru anaweza kusajiliwa Novemba, Machi, au hata katikati ya msimu. Pia haina ukomo wa jumla ya mishahara kama ule wa ligi ya kikapu ya NBA, ambako nafasi ya kulipa ni finyu na inajulikana, hivyo anayechelewa hukuta imejazwa. Klabu ya besiboli ikichelewa haipotezi chochote kinachoonekana. Mchezaji ndiye anayepoteza, kwa sababu kila wiki inayopita anazidi kutafakari nyumba, familia na kambi ya mazoezi ya kabla ya msimu ambayo wenzake wanajiandaa kwenda. Ukiwaweka watu wawili mezani, mmoja akiwa na saa inayomhesabia na mwingine hana, unajua nani atazungumza kwanza.

Kinachokuwapo badala ya ukomo ni kodi ya anasa. Kwa mwaka 2025 kiwango cha jumla ya mishahara kilikuwa dola milioni 241: klabu iliyovuka ililipa asilimia 20 ya kilichozidi kwa mara ya kwanza, 30 ikivuka mwaka wa pili mfululizo, na 50 kuanzia mwaka wa tatu. Klabu iliyo karibu na mstari huo haimkatai mchezaji moja kwa moja. Inamwambia wakala wake kwamba inamtaka, ila kwanza imwondoe mtu fulani. Huyo fulani naye hana wa kumchukua hadi klabu nyingine imkose mchezaji huru iliyekuwa ikimwinda. Foleni nzima inasimama nyuma ya mtu mmoja.

Halafu kuna ile ofa rasmi ya mwaka mmoja, ambayo klabu humpa mchezaji wake anayeelekea kuwa huru. Akiikataa, timu itakayomsajili inanyang'anywa chaguo katika uteuzi wa chipukizi. Mike Moustakas aliyapata haya mwishoni mwa 2017. Alikuwa amepiga hom rani 38, rekodi ya Kansas City Royals wakati huo, akakataa ofa ya dola milioni 17.4 akitarajia mkataba wa miaka mingi. Novemba ikapita, Januari ikapita, kambi zikafunguliwa. Machi 2018 akarudi Royals kwa dola milioni 6.5 za uhakika. Majira yale chama cha wachezaji kilifungua kambi yake huko Bradenton, Florida, kwa ajili ya wachezaji huru waliokosa pa kufanyia mazoezi, jambo ambalo lingekuwa kichekesho miaka michache kabla.

Mwaka uliofuata Craig Kimbrel na Dallas Keuchel walikaa nyumbani hadi Juni 2019. Walisajiliwa mara tu uteuzi wa chipukizi wa mwaka huo ulipoanza, kwa sababu kuanzia hapo klabu haikudaiwa tena chaguo lolote. Kimbrel alikwenda Cubs kwa miaka mitatu na dola milioni 43. Keuchel alikwenda Atlanta kwa milioni 13 za mwaka mmoja. Tazama tarehe hizo, kisha uniambie kama klabu zilikuwa na mashaka na mikono yao au zilikuwa zinalinda chaguo la uteuzi wa chipukizi.

---

Mzee wa Mesa

Wanangu, mnaeleza kanuni kana kwamba zilishuka na mvua. Kanuni hizi zimeandikwa na watu, na watu hao wana historia.

Hadi Desemba 1975 mchezaji alikuwa mali ya klabu mpaka klabu imchoke. Curt Flood alikataa kuhamishwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia mwaka 1969, akaenda mahakamani, akashindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1972, na wakati huo uchezaji wake ulikuwa umeshaisha. Ni msuluhishi Peter Seitz aliyewafungulia mlango warushaji Andy Messersmith na Dave McNally Desemba ile. Miaka kumi baadaye wamiliki wakaufunga tena kimyakimya: kuanzia mwishoni mwa 1985 walikubaliana kutosajili wachezaji huru wa wenzao. Soko likapoa, na maelezo yaliyotolewa yalifanana sana na haya ninayoyasoma hapa, kwamba klabu zimekuwa na busara na zinapima thamani.

Mleta mada, kwa kuwa ni mtu wa Cubs, utamfahamu Andre Dawson. Magoti yake yalikuwa yameumizwa na nyasi bandia za Montreal, akataka kucheza Wrigley, uwanja wa Cubs, kwenye nyasi za kweli. Hakuna aliyempigia simu. Machi 1987 yeye na wakala wake walikwenda kwenye kambi ya Cubs kule Mesa, Arizona, wakiwa na mkataba ambao sehemu ya mshahara ilikuwa wazi, wakawaambia waandike wanachotaka. Klabu ikaandika dola 500,000, pungufu sana kuliko alichokuwa akilipwa Montreal. Dawson akapiga hom rani 49, akawa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, katika timu iliyomaliza mkiani mwa kundi lake. Wasuluhishi waliwakuta wamiliki na hatia, na mwaka 1990 wakakubali kulipa dola milioni 280.

Sisemi kwamba kila baridi ya soko ni njama. Nasema kwamba mwenye nyumba aliyewahi kukutwa dirishani usiku asishangae akiulizwa maswali kila mbwa anapobweka.

---

Dada Tarakimu

Mzee wetu, shikamoo, na historia hiyo siipingi. Tofauti yangu na wewe ni kwamba njama haihitajiki tena. Miaka ya 1980 wamiliki walilazimika kukubaliana kwa sababu kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani, na daima alipatikana mmoja aliyevutiwa na jina la mchezaji akavuruga bei. Siku hizi klabu zote 30 zina idara za takwimu zinazotumia mbinu zinazofanana, na zote zinajua kwamba mpigaji wa miaka 31 atakuwa mzito akifika 35. Wakala anapiga simu tano, anapata majibu matano yaliyo karibu kufanana, hakuna aliyempigia mwenzake. Mchezaji anaumia vilevile, lakini huwezi kumshitaki mtu kwa kuwa na kikokotoo.

---

Mzee wa Mesa

Marahaba, binti. Kikokotoo nakikubali. Ila kikokotoo hakikumweka Kris Bryant wa Cubs ligi ndogo Aprili 2015 hadi alipopungukiwa siku moja. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172. Bryant alimaliza msimu ule na siku 171, na uhuru wake ukasogezwa mbele mwaka mzima. Alilalamika rasmi, akashindwa mwaka 2020. Hiyo pia ni sehemu ya soko mnalolizungumzia, maana mchezaji akiwa huru akiwa na miaka 30 badala ya 29, kikokotoo chenu tayari kimeshampunguza.

---

Shabiki wa Wrigley (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba uamuzi wa Desemba na usingizi wa Januari ni kitu kimoja kilichotazamwa pande mbili: klabu ilimwacha Schwarber kwa kuamini kwamba soko lingelala, na soko likalala kwa sababu klabu nyingi ziliamini hivyohivyo na kuwamwaga watu wa daraja lake sokoni kwa wakati mmoja.

Naomba kuongeza swali dogo. Je, kuna ushahidi kwamba kuchelewa kusajiliwa kunamwathiri mchezaji uwanjani? Nilimtazama mrushaji Blake Snell mwanzoni mwa 2024 nikamwonea huruma.

---

Karani wa Kikosi

Ndugu yangu, kwa macho yangu, ambayo si utafiti, warushaji huumia kuliko wapigaji. Mpigaji anaweza kuendelea kupiga mipira akiwa kokote. J.D. Martinez alisaini Boston mwishoni mwa Februari 2018 akapiga hom rani 43 na kushinda fainali mwaka huohuo. Bryce Harper alisaini Philadelphia kambi zikiwa zimeshafunguliwa mwaka 2019, akapiga 35. Mrushaji ni tofauti. Mkono wake hujengwa hatua kwa hatua, mirusho 20, kisha 40, kisha 60, mbele ya wapigaji wa kweli, na ratiba hiyo haifupishwi kwa nia njema.

Snell alikuwa ametoka kushinda Cy Young ya 2023, akasaini San Francisco katikati ya Machi. Katika michezo yake sita ya kwanza aliruhusu mikimbio kwa wastani wa 9.51 kwa kila duru tisa, akaumia, akarudi, na tarehe 2 Agosti akawarushia Cincinnati mchezo mzima bila kuruhusu pigo hata moja. Ni mtu yuleyule. Mkono ulikuwa umechelewa miezi. Jordan Montgomery alisaini Arizona mwishoni kabisa mwa Machi akamaliza na wastani wa 6.23. Greg Holland aliwahi kusaini St. Louis siku ya mwisho ya Machi 2018, klabu ikamwachia kabla ya Agosti akiwa na wastani wa 7.92. Hapo ndipo sikubaliani kidogo na Dada Tarakimu: klabu nayo hupoteza kwa kuchelewa, ila hasara yake huonekana Mei, na aliyekuwa akisifiwa Machi kwa kubana bei haulizwi tena.

Kuhusu Schwarber na Pederson, nikupe faraja au nikuongezee machungu, utachagua mwenyewe. Baridi ileile ya 2020 Atlanta yenyewe ilimwacha Adam Duvall kama ninyi mlivyomwacha Schwarber, akaenda Miami. Minnesota ikamwacha Eddie Rosario, akaenda Cleveland. Julai 2021, uwanja wa nje wa Atlanta ulipokuwa umebomoka, klabu hiyo ikawakusanya kwa mabadilishano: Pederson kutoka kwenu, Duvall, Rosario na Jorge Soler. Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Taifa, Soler wa fainali kuu, na Atlanta ikatwaa ubingwa. Wanne hao walipatikana kwa gharama ndogo, na wawili kati yao walikuwa wametupwa jalalani Desemba.

---

Shabiki wa Wrigley (mleta mada)

Umechagua machungu, nami nayapokea. Sasa nikiwa naangalia kikosi Januari, nitazame nini ili nijue kama klabu yangu imelala au inasubiri?

---

Karani wa Kikosi

Hesabu orodha ya 40. Ikiwa imejaa na klabu ina mrushaji aliyefanyiwa upasuaji wa kiwiko, basi inasubiri, kwa sababu orodha ya majeruhi wa siku 60 haitumiki wakati wa baridi. Inafunguliwa kambi zinapoanza katikati ya Februari, na siku hiyo majeruhi huyo anahamishiwa huko, nafasi inapatikana bila kumwacha mtu mwingine. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kambi huwa na usajili mwingi wa watu waliokuwa wakizungumza na klabu hizo tangu Desemba. Lakini kama orodha ina watu 37, malipo yako mbali na mstari wa kodi, na bado hakuna aliyesajiliwa, hapo mkuu wangu una haki ya kulalamika.

---

Shabiki wa Wrigley (mleta mada)

Nimehesabu sasa hivi. Ni 38, na hakuna aliyefanyiwa upasuaji. Nitarudi kulalamika katika mada nyingine.